Mwaka Ambao Majora Hawakushuka

Gundi ya unga wa ngano inanuka kama chapati iliyokata tamaa. Nalijua hilo vizuri, kwa sababu muhula uliopita nilipewa adhabu ya kupika sufuria nzima ya gundi hiyo, ya kubandikia mapambo ya mahafali, baada ya mwalimu wa zamu kunikuta mbele ya darasa nikitembea kama yeye. Nilimwiga vizuri mno, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Basi nikawa nakoroga nyuma ya jiko la shule, mvuke ukanipanda puani, na hapo hapo nikaanza kulia. Si yale machozi mawili ya heshima. Nililia na kamasi. Rafiki yangu aliyekuwa akichochea kuni akaniambia, "Moshi huo, hamia upande huu." Nikahamia upande ule, nikaendelea kulia, akajua si moshi.

Babu Jivan alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Siku nilipopewa habari nilisema "Mungu ampumzishe" kama mtu mzima, nikaenda kula wali. Nilidhani yamekwisha. Kumbe kilio changu kilikuwa kimejificha kwenye gundi.

Nyie wenzangu mkiulizwa mlivyokuwa wadogo mlishabikia timu gani, mnataja hizi zenye wachezaji waliojaa michoro mikononi. Mimi nilishabikia timu ya Uingereza ambayo wachezaji wake wote walikuwa wamekufa. Tatizo ni kwamba sikujua wamekufa.

Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi Mkata na mama yangu, ambaye mpaka leo anauza mahindi ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi. Goli la shule yetu ya msingi lilikuwa la miti, na mti wa juu ulikuwa umeliwa na mchwa, jambo ambalo shule nzima ililijua. Siku moja nikauning'inia kushangilia bao ambalo hata sikulifunga mimi. Mti ukaja, mimi nikaja, na mfupa wa muundi ukavunjika mahali pawili. Nikapelekwa hospitali Korogwe, nikafungwa hogo, yaani ile plasta ngumu, kuanzia vidole vya mguu mpaka pajani. Daktari akasema wiki sita, nisikanyage chini, na nisirudi Mkata kupanda bodaboda za kule. Mama akanikabidhi kwa mama yake, Bibi yangu mzaa mama, akageuza na basi la jioni. Mahindi hayajichemshi.

Bibi alikuwa amepanga chumba uani, nyuma ya duka la nguo la familia moja ya Kihindi, si mbali na stendi. Alfajiri alikwenda sokoni na tenga lake la mboga, akarudi alasiri. Katikati ya alfajiri na alasiri palikuwa na mimi, kiti cha plastiki, ndoo ya kuwekea mguu juu, na kuta nne za ua zilizoota ukungu wa kijani. Ilikuwa masika. Mvua ilipiga bati mpaka ukisahau ulichokuwa unafikiri. Ilipokatika niliwasikia wapiga debe wa stendi wakiita Lushoto, Tanga, Handeni, na kila waliposema Handeni, njia ya kwetu, nilikuwa najisogeza kwenye kiti kama mtu anayetaka kusimama. Ndani ya hogo mguu uliwasha. Nilikuwa na njiti ya fagio ya kujikunia, ilifika nusu tu. Nusu ya chini iliniwasha wiki zote zile na sikuweza kuifikia, na nadhani hicho ndicho kifungo chenyewe.

Upande wa pili wa ua, chini ya kibaraza cha duka, alikaa Babu Jivan, baba yake mwenye duka. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia, mguu na mkono, ila ulimi kikamwachia. Bibi alikuwa akisema laiti kingebadilisha. Alikuwa na kiti cha magurudumu, lakini mlango wa kutokea uani kwenda mbele ulikuwa na kizingiti cha saruji, kirefu kama tofali mbili, kilichojengwa kuzuia maji ya mvua yasiingie dukani. Maji yalizuiwa, na Babu Jivan naye akazuiwa. Ili avuke ilibidi wanaume wawili wamnyanyue, na yeye hakupenda kunyanyuliwa kama gunia. Kwa hiyo alikuwa hajaona barabara kwa miaka miwili.

Siku ya kwanza alimsalimia Bibi kwa Kishambaa, "Onga makeo," kama alivyofanya kila asubuhi, kisha akanigeukia mimi.

"Jina?"

"Shikamoo. Zaituni."

"Marahaba. Wa wapi?"

"Mkata."

"Mzigua." Alitikisa kichwa kama daktari aliyeukuta ugonjwa. "Mzigua, amefungwa hogo. Kwenu si mnalila hilo?"

"Tunalila. Wahindi nyie mnakula nini?"

"Watoto wenye mdomo."

Bibi aliniangalia jicho la kunimaliza, akaniambia niombe radhi. Babu Jivan akasema aniache, hajabishana na mtu tangu mvua zilipoanza. Jumamosi ile akamwita mkwewe, Mama Nita, amletee kitabu, na akaomba nisogezwe na kiti changu, kwa sababu mkono wake mmoja haukutosha kushika kitabu na kufunua kwa wakati mmoja. "Wewe una mikono miwili mizima inayokaa bure," aliniambia. "Mungu hapendi."

Kile kitabu kilikuwa albamu ya sampuli za vitambaa, ile ambayo wenye maduka ya zamani walikuwa wakiwaonyesha wateja: marekani, kaniki, bafta, drili, kila ukurasa kipande kimoja cha nguo kilichobandikwa. Juu ya vitambaa hivyo, mtu alikuwa amebandika vipande vya magazeti ya Kiingereza, vya njano kama meno. Ukikifungua, harufu ilitoka ya wanga, nguo mpya na unga uliochemka. Mtu huyo alikuwa baba yake Babu Jivan. Akiwa kijana aliwekwa auze dukani Mazinde, katikati ya shamba la mkonge, peke yake, pande zote mkonge, na mkonge wote unafanana. Hakuwa na pa kwenda. Meneja Mzungu wa shamba alimuuzia magazeti yake yakishakuwa ya zamani, ya kufungia sukari na misumari. Kabla ya kufunga sukari, yule kijana alikata habari za mpira. Si za timu zote. Za timu moja tu, ya mji ambao jina lake lilikuwa limepigwa mhuri kwenye kila robota la nguo alilofungua, mji wa viwanda vya pamba. Aliona si adabu kuuza nguo ya watu halafu ukashangilia timu ya wengine. Akaiita Majora, kwa ajili ya yale majora ya kitambaa. Na nyingine zote akazibatiza kwa kile ambacho mji wao ulitengeneza na kufika dukani kwake: Visu, Sabuni, Mabati, Vikombe, Makaa.

Msimu mmoja mzima, ligi kuu ya Uingereza, ulikuwa umebandikwa mle, kuanzia Agosti. Na ulikuwa na sheria, iliyowekwa na yule kijana na kurithiwa na mwanawe: Jumamosi moja, mechi moja, saa kumi jioni, na hakuna kufunua mbele. Mazinde magazeti yalifika kwa meli mpaka Tanga, halafu kwa treni, kwa hiyo kila matokeo yalisubiriwa. Babu Jivan aliendelea kusubiri kana kwamba meli bado ziko njiani.

Sasa elewa jinsi nilivyoelewa. Babu Jivan hakuwahi kusema "walicheza". Alisema, "Leo tunakwenda kwa Visu, na kwao si kuzuri." Sikujua Kiingereza, yeye ndiye aliyenisomea kwa Kiswahili. Nikamuuliza magazeti yanatoka wapi, akasema Ulaya, na meli, mpaka Tanga. Na reli ipo, Korogwe, mara moja moja treni ya mizigo inalia, na ikilia mimi nilijua matokeo yanaingia. Kwamba vipande vilikuwa vimeshabandikwa hakukunisumbua. Kichwani mwangu mechi ya ukurasa wa mbele ilikuwa kama kifaranga ndani ya yai: yupo, lakini bado hajawa. Anakuwa Jumamosi, ukifunua. Nisicheke peke yangu, mcheke na nyie.

Nilipofika palikuwa na mechi kumi na moja zimebaki, na Majora walikuwa wa pili kutoka mkiani. Wawili wa mwisho wanashuka daraja. Lo, nilivyoipenda timu ile mbovu. Golikipa wao, kwa maelezo ya Babu Jivan, aliwahi kusimama golini katika ukungu dakika kumi baada ya wenzake kuingia kubadilisha nguo, kwa sababu hakuona kwamba mpira umekwisha. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, wenye kamba kama kiatu, ukinyonya maji unakuwa mzito kama tikiti, ukiupiga kichwa unatoka na alama ya kamba kwenye paji la uso. Nilijichora alama hiyo kwa mkaa. Bibi alinisugua mpaka paji likawaka.

Kila Jumamosi saa kumi Mama Nita alileta chai ya tangawizi na bajia, mimi nikafunua, Babu akasoma kimoyomoyo kwanza, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu, halafu ndipo akatoa matokeo. Sare na Vikombe. Tukawapiga Mabati mbili bila, nikapiga ndoo kwa njiti ya fagio mpaka mwenye duka akachungulia. Tukafungwa na Makaa nne, Babu akasusa bajia zake, nikazila mimi.

"Na wakishuka itakuwaje?" nilimuuliza siku ile.

"Wakishuka?" Aliangalia mvua. "Wakishuka mimi nakufa, Mzigua. Mwambie bibi yako aandae kuni."

Mtu yeyote anayependa mpira husema hivyo. Hata wewe umeshasema. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimeshaambiwa kwamba Wahindi wakifa huchomwa kwa kuni, na Babu Jivan alikuwa tayari nusu ya mwili haifanyi kazi. Nililichukua neno lile kama lilivyo. Usiku ule nilihesabu kuni za Bibi kwenye pembe ya jiko, nikazificha mbili chini ya kitanda.

Siku ya kufungua hogo ikafika. Nilivaa gauni jipya, nikafunga na mfuko wangu kabisa wa kurudia Mkata. Hospitali wakakata plasta kwa msumeno, mguu ukatoka mwembamba, wa kijivu, na manyoya kama wa mtu mwingine. Daktari akaubonyeza, akaangalia picha dirishani, akasema mfupa mmoja haujaunga sawasawa. Wakafunga hogo jipya palepale. Wiki tano nyingine. Nilirudi uani kwa toroli la kubebea mizigo, mfuko wangu mapajani, na Babu Jivan alipotaka kunitania aliniangalia usoni akaghairi. Akasema tu, "Karibu tena jela."

Nilichukia kusubiri. Nilichukia Jumamosi na treni na meli. Alasiri moja ya wiki hiyo Babu alikuwa amesinzia kwenye kiti, kidevu kifuani, na kitabu kilikuwa kwangu kwa sababu alikuwa amenipa kazi ya kubandika upya vipande vilivyoanza kubanduka. Alikuwa amenifundisha gundi ya baba yake: unga wa ngano, maji, koroga motoni mpaka ing'ae, halafu tia chembe ya mrututu, yale mawe ya bluu ya dukani, ili mende wasiile karatasi. Brashi ilikuwa mkononi. Nikafunua mbele. Nikafunua mpaka mwisho.

Kusoma sikuweza, ila msimamo wa ligi ni msimamo wa ligi. Jina la Majora nilishalijua kwa umbo, lilikuwa hata kwenye mihuri ya vitambaa. Nikalitafuta kuanzia juu. Nikashuka, nikashuka. Lilikuwa la pili kutoka chini. Walikosa pointi moja.

Nilifunga kitabu, nikamwangalia Babu Jivan akipumua.

Mpaka siku ile sikuwahi kuwa na kitu nisichoweza kukisema. Mdomo wangu ulikuwa ndiyo miguu yangu. Sasa nilikuwa nimefungwa mara ya pili, na hakukuwa na njiti ya fagio ya kufika huko. Kibaya zaidi, Majora wakaanza kushinda. Wakawapiga Sabuni. Wakatoa sare ugenini. Wakawapiga Visu, wale Visu waliotuchinja Desemba, tatu moja, na Babu akapiga paja lake zima kwa mkono wake mzima, akaimba kitu cha Kigujarati ambacho Mama Nita alisema si cha kuimbiwa watoto.

"Mzigua, mbona huna mdomo siku hizi? Umeuuza?"

"Mguu unauma."

"Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho. Tukishinda tumebaki. Mguu utapona wenyewe kwa furaha."

Nilisema ndiyo, Babu. Nilimwambia Bibi sitaki bajia, na Bibi akanishika shingo kuangalia homa.

Wazo lilikuja Ijumaa, na lilikuwa la maana kwa kadiri ya akili niliyokuwa nayo. Kifaranga hajawa mpaka yai lifunguliwe. Basi lisifunguliwe. Jumamosi asubuhi, Bibi yuko sokoni na Babu anaogeshwa ndani, nilijiburuta kwa makalio kuvuka ua na hogo langu, nikachukua kitabu kibarazani kwa Babu, nikarudi kuchukua unga wa chapati wa Bibi, nikapika gundi kwenye jiko la mkaa, nene kama ugali wa mgonjwa. Nikaipaka ukurasa wa mwisho wote, si pembeni tu, wote, nikaufunga na ukurasa ulioutangulia. Halafu nikakikalia kitabu kuanzia saa nne mpaka saa nane. Mama Nita alipita akaniuliza kwa nini nimekaa nimenyooka hivyo. Nikamwambia nafanya mazoezi ya mgongo.

Saa kumi chai ikaja. Babu Jivan alikuwa amenyolewa ndevu na kuvaa shati jeupe. Aliniambia, "Haya, mkono wangu, funua." Nilifunua mpaka mechi ya wiki iliyopita, na baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kufunua. Palikuwa na ukurasa mnene tu, mgumu, umevimba kidogo katikati.

Mvua ilikuwa imekatika.

Babu alileta mkono wake wa kushoto. Alipitisha kucha kwenye ukingo wa ukurasa, taratibu, juu mpaka chini. Haikupata pa kuingilia. Akanusa kidole. Akaniangalia mimi, akaangalia gauni langu lililokuwa na unga, akaangalia tena kitabu. Nilikuwa nasikia moyo ukipiga mpaka ndani ya hogo.

"Umetia mrututu?" aliniuliza.

"Nimetia."

"Vizuri. Mende hawataugusa." Akachukua kikombe, akanywa, akakirudisha. "Gazeti la wiki hii halijafika. Meli imechelewa Tanga."

"Itafika lini?"

"Meli ni meli, Zaituni. Kula bajia."

Nilikula bajia saba. Niliamini nimemdanganya mzee yule kwa usafi kabisa, kwamba alidhani natengeneza vipande nikapitiliza. Nililala nikiwa mtu aliyezuia kifo kwa unga robo kilo. Bibi naye alilala akijiuliza unga wake wa chapati umekwenda wapi.

Siku chache baadaye hogo la pili likakatwa, na mfupa ulikuwa umeunga. Nilivuka kile kizingiti cha saruji kwa miguu yangu, nikichechemea, mfuko begani. Nikageuka kumpungia Babu. Alikuwa pale pale chini ya kibaraza, ameinua mkono wa kushoto. Nilikimbia, au nilifanya kitu kilichofanana na kukimbia, kwa sababu wapiga debe walikuwa wakiita Handeni.

Kila likizo nilikwenda kwa Bibi, na kila nilipoingia uani Babu Jivan aliniuliza kabla ya shikamoo: "Meli imefika?" Nami nilijibu, "Bado, Babu." Tukacheka. Nilipofika sekondari nikajua tayari kwamba wachezaji wale walikwisha kuwa udongo kabla mama yangu hajazaliwa, na kwamba Babu lazima aliujua mwisho wa msimu ule muda wote, maana kitabu kilikuwa cha baba yake. Niliona ni mchezo wetu mtamu. Miaka sita. Meli imefika? Bado, Babu. Likizo ya mwisho sauti yake ilikuwa imeshuka sana, na aliuliza mara mbili, na mara ya pili hakucheka. Nilikuwa na haraka, nilikuwa naenda kuchaji simu. Nikasema bado.

Likizo hii nimekuta duka linafungwa, familia inahamia Dar. Mama Nita aliniita, akanipa kitabu, kimefungwa ndani ya kipande cha bafta.

"Alisema upewe wewe," aliniambia. "Nikuambie kitu? Nimeolewa hapa miaka ishirini na tatu. Kila mwaka Agosti alianza kitabu hiki, na kila mwaka wanashuka. Siku mbili hali chakula vizuri, hasemi na mtu. Siku ya tatu ananiita, Mama Nita, subiri Agosti, mwaka huu tutaona. Na Agosti anavaa shati jeupe, tunaanza tena. Wewe ulipoondoka, Agosti ikaja, nikamletea. Akasema hapana. Msimu wa zamani haujaisha, huwezi kuanza mwingine."

"Kwa nini hamkuubandua? Kwa mvuke unabanduka."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema aliyefunga ndiye atafungua."

Nilisimama pale na kitabu.

Kwa hiyo alikuwa ananiuliza. Miaka sita alikuwa ananiuliza, kwa adabu, bila kunishurutisha, kama unavyomuuliza mtu mwenye ufunguo. Mimi niliyelia kwa wiki tano za nyongeza nilimfungia mzee wa watu kwenye Jumamosi moja isiyokwisha, nyuma ya kizingiti ambacho yeye alikuwa na njia moja tu ya kukivuka, Agosti mpaka mwisho wa msimu, kwa shida, kwa kufungwa nne na Makaa, kwa kushuka, na kuanza tena. Nikamzibia hiyo njia, kwa upendo, na mrututu juu.

Jumamosi niliinjika sufuria ya maji jikoni kwa Bibi. Saa kumi jioni ikiwa imefika nilikiweka kitabu juu ya mvuke, nikaanza na kona. Bibi aliuliza napika nini, nikamwambia magazeti. Hakushangaa. Ukurasa uliachia polepole, ukilia kama plasta inayotoka kwenye ngozi, na ile harufu ikajaa jiko zima. Sasa Kiingereza nakijua. Nikasoma kimoyomoyo kwanza, uso nimeufunga. Walifungwa moja bila, dakika za mwisho, nyumbani kwao, mvua inanyesha. Golikipa alijitahidi.

"Majora wameshuka daraja," nilimwambia Bibi.

"Masikini," Bibi alisema. "Sasa?"

Nikafuta macho, nikafunua kurudi mwanzo kabisa, kwenye kipande cha marekani. Agosti ilikuwa mbali, ila nadhani meli zilizochelewa miaka sita zinasamehewa.

"Sasa vaa shati jeupe, Bibi. Wiki ijayo tunaanza na Vikombe, tuko kwetu."